Mstari Mwekundu wa Atuganile

Atuganile alizaliwa Rungwe, katika nyumba ambayo mama yake aliipaka upya kila masika yalipokwisha: udongo mweupe juu, mweusi chini, na katikati maua ya ngeu, ule udongo mwekundu wa mlimani. Alipoolewa na Fanueli, fundi mwashi, akahamia Mbeya na mikono ile ile.

Fanueli alijenga kando ya kijito, kwa sababu udongo mzuri wa matofali ulikuwa mlangoni. Masika ya kwanza maji yakaingia ndani bila hodi. Yalipotoka, Atuganile hakulia. Alichovya vidole kwenye ngeu, akachora mstari kuzunguka chumba pale maji yalipofika. Tangu hapo chumvi, mbegu za maharage na Biblia vilikaa juu ya mstari. Chini vilikaa vyungu na majembe, vitu visivyojali kulowa.

Mwaka 1956 nyumba ya jirani iliungua, na Fanueli akakosa usingizi. Akasikia kwamba mjini Iringa kuna kampuni ya bima: ukitoa ada yako kila mwaka, inakulipa nyumba ikiungua au ikibomolewa na maji. Akaomba. Karani akatumwa kuja kuitazama nyumba.

"Mama Asukile," Fanueli alimwambia mkewe asubuhi ya siku hiyo, "paka ukuta wote mweupe. Na huo mstari uufute."

"Nikiufuta, chumvi nitaiweka wapi?"

"Utauchora tena akishaondoka."

"Kumbe unataka nipake uongo."

"Nataka tulale, mke wangu. Akijua maji huingia, atapanda basi lake arudi."

Atuganile akakoroga udongo mweupe. Bima aliitaka yeye pia. Hawakuwa na mali nyingine zaidi ya nyumba ile. Akapaka juu, akapaka chini. Alipofika kwenye mstari, mkono ukapita pembeni, ukauacha ulivyokuwa.

Karani aliitwa Liberatus, mtu wa Kihesa kule Iringa, na alifika na vumbi la njia nzima ya kupitia Nyololo kwenye kofia yake. Alikunywa chai, akala ndizi, akatazama kuta.

"Mama, hapa umepamba! Mke wangu akiuona mstari huu, sitapumzika mpaka nimletee ngeu."

Fanueli alicheka kupita kiasi. Atuganile akaweka birika chini.

"Sikupamba, bwana karani. Maji yalifika hapo."

Fanueli akapaliwa, akakohoa mpaka karani akamsogezea kikombe.

"Huja mara ngapi, mama?"

"Kila masika, lakini huja kuosha miguu tu. Hapo juu yalifika mara moja."

Liberatus akaandika, kisha akamgeukia Fanueli. "Fundi, ungenificha, halafu ukuta ukaanguka, kampuni ingeuliza majirani, na usingepata hata tofali moja. Sasa nitawaeleza ukweli. Nadhani watakubali, ila ada itapanda, na watataka mchimbe mfereji."

"Mfereji!" Fanueli alisema, sauti ikimrudia. "Nitauchimba hata leo!"

"Leo umalize kukohoa kwanza, Baba Asukile," mkewe alisema, na karani akacheka mpaka kofia ikamwanguka.

Kampuni ilikubali. Masika yaliyofuata kijito kilifura, kikaruka hata mfereji, na ukuta wa jikoni ukalala chini. Fanueli alisimama kwenye tope akiyahesabu matofali yaliyovunjika. Lakini Liberatus alikuja, akaona, na kampuni ikalipa bila ubishi, kwa kuwa haikuambiwa jambo lolote isilolijua tangu mwanzo. Chumvi ilikuwa kavu mahali pake.

Fanueli alijenga ukuta mpya, na Atuganile akaupaka mweupe kama maziwa. Alipochukua ngeu, aliona mumewe amekwisha vuta uzi wake wa uashi kutoka kona hadi kona, sawa na mstari wa zamani.

"Ule wako ulipinda kidogo," alisema, bila kumtazama.

"Maji ndiyo yaliyopinda, fundi," alijibu Atuganile, akachovya vidole.