Udongo Uliooshwa Mara Saba

Watu wengi wakipata tangi la kioo huhangaikia samaki. Wajinga. Samaki ana mapezi, atajitetea. Majani ya maji ndiyo hufa kimyakimya, na yanakufa kwa sababu ya kile ulichoyawekea chini. Hilo nililijua kuliko mtu yeyote wa mtaa wetu wa Buyenzi, kwa kuwa miaka minne nilifanya kazi za ndani kwa Mzungu mmoja wa mtaa wa Rohero, na tangi lake nililitunza mimi. Alipohama akaniachia.

Wakati huo nilikuwa nimeachika, nimerudi kwa mama. Kaka yangu ndiye aliyeshika duka la marehemu baba, lenye milango miwili, yaani vyumba viwili vya biashara, na mmoja ulikuwa umefungwa tu, umejaa maboksi. Nikamwomba huo, niuze humo matangi yaliyopandwa majani, kwa mahoteli na maofisi. Akacheka.

"Weka moja hapa kwa mama. Majani ikiishi mupaka Idi, mulango ni wako. Ikikufa, usiniletee tena maneno ya biashara."

Nikachagua udongo kama mwanamke anayechagua mume wa pili. Mchanga wa ziwani, ambao kila mtu alinishauri kwa kuwa ni wa bure, niliudondoshea ndimu ukatoa povu: umejaa vipande vya magamba ya konokono, na majani niliyokuwa nayo hayapendi maji yenye chokaa. Kokoto za mafundi hazina chakula. Basi nikarudi kwenye nyumba ile ya Rohero, nikamwomba mlinzi, nikachimba udongo mweusi nyuma ya jikoni, pale maganda ya ndizi yalipokuwa yakioza miaka yote. Huo ungekaa chini, juu yake mchanga wa mtoni kuufunika. Nikauacha uani ndani ya beseni, nikaenda kutafuta huo mchanga.

Niliporudi niliuona umepauka. Nikadhani ni jua. Nikautandaza, nikapanda, nikajaza maji.

Wiki ya tatu majani yakawa manjano. Ya tano yakalegea kama mchicha uliopitiliza jikoni. Nilibadilisha maji, nikasogeza taa, nikalia. Siku mbili kabla ya Idi mama alinikuta nimepiga magoti mbele ya kioo. Alikuwa na ungo wa mchele, akakaa, akaanza kuchambua.

"Ile udongo ilikuwa na najisi," akasema. "Kule kulikuwa mbwa, we mwenyewe ulinihadithia. Niliiosha mara saba."

"Mara saba, mama?"

"Mara saba. Mupaka maji ikatoka safi."

Sheria ya dini inataka chombo kilichorambwa na mbwa kioshwe mara saba, na mara moja kati ya hizo iwe kwa udongo. Udongo aliusugua vipi kwa udongo, sijui, na sikuuliza. Nilichojua ni kwamba chakula chote cha majani yangu kilikwenda mtaroni, na mimi nilikuwa nimepanda kwenye makapi. Nilimkasirikia hasira ambayo mtoto hapaswi kuwa nayo kwa mama yake. Angeniambia siku ileile, ningechimba mwingine.

Siku ya Idi, baada ya swala, kaka alikuja. Akaliangalia tangi, akachovya kidole, akanusa.

"Nilisema mi. We hauna subira. Ndoa ilikushinda, na majani pia imekushinda."

Ningemtiaje mama aibu mbele ya mwanawe, siku ya Idi, ndani ya nyumba yake? Nilimtazama mama tu, nikasubiri aseme mwenyewe. Neno lake moja lingetosha, maana kaka hakuwahi kumkatalia kitu.

Mama akamsogezea kaka sahani ya pilau.

"Kula, mutoto wangu," akamwambia. "Uyu tangu utoto wake hamalizaka kitu."