Kilima Kimoja

Mtaalamu wa maabara tuliyemtembelea Shinyanga, sisi wa kidato cha tatu, anaongea na mashine yake kama mtu anayekamua ng'ombe: taratibu, huku akiipapasa ubavuni. Kabla ya kuingiza sampuli hugonga bomba la sindano kwa ukucha mara tatu ili kapovu katoke, hulichungulia kwenye mwanga, halafu hugonga tena. Alituambia ameunganisha plastiki za aina mbili ziwe mnyororo mmoja. Mashine inausukuma na kimiminika ndani ya mrija, kisha skrini inachora vilima, kila kitu na kilima chake. Kikitoka kimoja, zimeshikana. Vikitoka viwili, kazi ya miezi mitano imekufa, kama mara mbili zilizopita. Basi mstari ulipoanza kupanda, mtu mzima yule akatugeuzia mgongo na kuziba macho!

"Niambieni ninyi. Vingapi?"

"Kimoja, Madam," akasema Eliya, mtani wa darasa letu.

"Wewe, usinitanie."

"Haki ya Mungu, kimoja! Mstari umeshashuka mpaka mwisho."

Hata hakugeuka. Alipiga kigelegele kirefu mpaka mlinzi akaingia mbio na rungu, akiuliza harusi ya nani.

"Ya plastiki, baba!"

Mlinzi akafikiri kidogo, akaweka rungu chini, akaanza kucheza.