Kadi Nyeupe Juu ya Kitanda cha Fidelia

Makambako ina upepo, na upepo ni adui wa mtu anayepuliza rangi. Roli likishapigwa puti ya kujazia mabonde, likasuguliwa kwa msasa, likapulizwa rangi nyekundu inayong'aa, vumbi dogo tu linatosha kuharibu kazi nzima. Ndiyo maana Odilo, tangu alipotoka Mlangali akiwa kijana na kujifunza kazi kwenye gereji moja kando ya barabara ya Songea, alifanyia kazi ndani ya banda lililozungushiwa maturubai kila upande. Hewa ya mle ilikuwa nzito kwa thina, ile dawa ya kulainishia rangi. Wateja waliingia, wakakohoa, wakatoka. Odilo hakukohoa. Kadiri miaka ilivyokwenda, harufu ile hakuisikia tena.

Wala hakusikia nyingine yoyote. Mkewe, Yunis, alilijua hilo siku alipotoka bombani akamkuta mumewe amekaa jikoni anasoma gazeti, na maharage yanaungua pembeni yake. Odilo alicheka. Alisema ni mafua ya baridi ya huku kwetu, yataisha. Mikono ilipoanza kumtetemeka akichora mistari ya pembeni ya roli, alisema ni uchovu.

Mwaka huo mdogo wake Yunis, Angela, aliyekuwa anasoma shahada ya pili ya kemia, alikuja likizo akakaa kwao. Alikuja na kadi ndogo zilizopakwa unga mweupe, na tochi ya mwanga wa zambarau.

"Shemeji, naomba nikuwekee hizi bandani," alimwambia Odilo. "Ni za utafiti wangu. Mchana zinaonekana nyeupe. Gizani, ukizimulika na tochi hii, zinawaka buluu. Mvuke wa thina ukizifikia, zinawaka njano."

Odilo alikuwa mtu wa kuchanganya rangi maisha yake yote. Aliishika kadi kwa ncha za vidole, akaigeuza. "Bila mtu kuipaka kitu?"

"Bila kupakwa. Ndani yake mna shaba iliyofungwa pamoja na vitu vingine. Mvuke ukipenya katikati, shaba inajipanga upya, na mwanga unaotoka unabadilika."

"Shaba hii hii ya nyaya?"

"Hiyo hiyo."

Odilo alitikisa kichwa kwa furaha. Jioni kadi za bandani ziliwaka njano kama kiini cha yai, naye akawaita mafundi wenzake waje waone. Hakuna aliyeshtuka. Banda la rangi litakosaje thina?

Ili apate cha kulinganisha, Angela alikuwa ametundika kadi nyingine nyumbani, mahali alipoamini pana hewa safi: ukutani juu ya kitanda cha Fidelia, binti wa Odilo, aliyekuwa darasa la tatu. Jumapili baada ya misa walifunga madirisha ya chumba kile, wakaitungua kadi, wakajifunika blanketi wote wanne, Fidelia katikati, na Angela akawasha tochi.

Kadi ikawaka njano.

"Hii imeharibika," Angela alisema. Akaweka nyingine, mpya, akaimulika kwanza wote waone buluu yake. Kesho yake mchana walirudi chini ya blanketi. Ilikuwa njano pia.

Odilo alilisukuma blanketi pembeni. Alifungua dirisha, akainama, akavuta galoni kutoka chini ya kitanda. Ilikuwa thina yake mwenyewe. Gereji ilikuwa imeibiwa, na tangu hapo alikuwa akiihifadhi nyumbani, mahali ambapo mwizi asingefikiria kutafuta. Kifuniko kilikuwa na ufa. Ukutani, kwenye msumari, lilining'inia koti lake la kazi.

Miezi yote hiyo Fidelia alikuwa anaamka na kichwa kinauma. Walikuwa wamempima malaria, wakampa dawa za minyoo. Mwalimu wake alikuwa amewaita kuwaeleza kwamba mtoto anasinzia darasani.

Odilo alilipeleka galoni nje, mbali na nyumba, akakaa kizingitini. Yunis akamfuata.

"Ulikuwa unaisikia?" Odilo aliuliza.

"Nilikuwa naisikia."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, Baba Fide. Ukasema chumba hakinuki. Nikajua ni lile koti tu. Baadaye na mimi nikazoea."

Odilo alilitazama galoni kule mbali. "Mwanangu nilikuwa namlaza juu ya thina," alisema.

Angela alikuwa amesimama mlangoni, hajui aende au abaki. "Sikuja kukuaibisha, shemeji."

"Najua. Zimebaki kadi nyingine? Weka na chumbani kwetu."

Katika hospitali ya Njombe daktari alimsikiliza, akampima, akamwambia pua yake huenda isirudi, lakini mikono ingeweza kupata nafuu akiacha kuvuta mvuke ule. Odilo alimwomba mwenye gereji, Damiano, wafungue maturubai upande mmoja. Damiano hakuwa mtu mbaya. Alinunua barakoa. Lakini maturubai alikataa. "Vumbi likiingia, mwenye roli ataliacha hapa hapa, asilipe," alisema. Odilo alimwelewa, na mwisho wa mwezi akaaga.

Wakahamia Njombe, vyumba viwili mtaa wa Mjimwema. Odilo sasa anachora kwa brashi, rangi za maji, kwenye kuta za shule na maduka. Kipato kimepungua, Yunis anauza viazi sokoni. Fidelia haumwi kichwa tena. Angela bado anahangaika na kadi zake, kwa sababu zikikaa juani zinafifia.

Wiki iliyopita Odilo alikuwa kijiji cha Yakobi, anachora mboga na matunda kwenye ukuta wa zahanati. Sista msimamizi, Matilda, alipita akasimama nyuma yake.

"Hii rangi haitawasumbua wagonjwa kwa harufu?"

"Mimi sijui, Sista," Odilo alijibu. "Ngoja nimwite mke wangu."

Yunis alikuwa amemletea chai. Aliweka chupa chini, akasogeza uso karibu na parachichi la ukutani ambalo rangi yake haijakauka, akavuta pumzi.

"Inanukia kama chokaa," alisema. "Haina neno."

Odilo akachovya brashi, akaendelea na karoti.