Moto wa Shamba la Miteja

Kila mwaka mvua zikikaribia na watu wakianza kuchoma mashamba, harufu ya majani makavu yanayoungua hunifungia ndani. Wajukuu wangu hucheka, wanasema bibi anaogopa moshi. Nawaacha wacheke. Nyinyi nitawaambia.

Wakati wa vita vya Wazungu, baba alichukuliwa jeshini akapelekwa Burma. Haukupita muda, shamba letu pale Miteja nalo likachukuliwa, askari wakawa wanajifunzia mizinga. Bibi, mama yake baba, alituliza watu kwa kusema mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kweli, mwanzoni kuku wetu walinunuliwa vizuri. Sisi watoto tulipewa biskuti ngumu kama kigae, hazitafuniki mpaka uziloweke kwenye uji. Mizinga tuliizoea upesi. Ikilia, tulijua leo kuna biskuti.

Tulihamishiwa ng'ambo ya bonde, kwenye mchanga mtupu, muhogo ukatoka mwembamba kama vidole. Mama alitugawia sisi, yeye akanywa maji. Kila baada ya swala alimwombea baba arudi na viungo vyake vyote, akivitaja kimoja kimoja, macho, mikono, miguu, kana kwamba Mungu angesahau kimojawapo.

Askari walipoondoka tukaruhusiwa kurudi. Shamba lilikuwa limeota vichaka. Mjomba alimshauri mama angoje kwanza, kwani hakuna aliyejua wale watu wameacha nini ardhini.

"Kaka, mvua haimngoji mtu," mama alimjibu. "Mume wangu akirudi atakula nini?"

Tukafyeka, tukakusanya majani mabiwi mabiwi. Kwetu anayewasha moto wa kwanza ni mwenye shamba, na kwa kuwa baba hayupo, mwenye shamba alikuwa mama. Mimi alinituma kisimani na kibuyu, nije nimwagie maji pembezoni moto usiruke mpaka. Nilikuwa nimeinama kuteka niliposikia mshindo. Mwenzenu nilifurahi. Niliacha kibuyu palepale nikakimbia, mkono nimekwisha kuukunjua kwa ajili ya biskuti.

Mjomba alinidaka njiani akanifunika uso kwa shuka lake. Chini ya biwi lile kulikuwa na bomu lililogoma kulipuka siku ya mazoezi. Mama alizikwa alasiri ileile, nami nikamchukia mjomba miaka mingi kwa kutoniacha nimwone.

Vita vilipokwisha baba akarudi. Watu walijaa barazani, hawajui waanze na pongezi au na pole. Alikaa na viatu vyake vya jeshi miguuni, akamtazama bibi.

"Mama, si mimi niliyekwenda vitani?"

Mimi niliyakagua macho ya baba, mikono, miguu. Hakikupungua kitu. Nikaona dua ya mama imepokelewa, nikamshukuru Mungu kwa sauti mbele za watu.

Nimekuja kuwa mama mwenyewe ndipo nikakumbuka kwamba katika dua zile zote, siku zote zile, mama hakuwahi kujitaja.