Mwiko wa Baba

Keti hapa karibu, nikueleze polepole kwa nini siku hizi simwulizi mtu, "Mbona hufanyi kazi?"

Baba yangu alikuwa mwashi hapa Kindu. Vita vilipofika tulikimbilia msituni upande wa Pangi, na tuliporudi, nyumba yetu ya Mikelenge ilikuwa tupu. Waporaji walikuwa wamebeba hata mwiko wake wa saruji.

Karibu na kwetu shule ilianza kujengwa. Kila asubuhi Baba alitoka kwenda kuomba kazi huko, na Mama alibaki akichungulia njia. Baba akirudi jua la asubuhi likiwa bado chini, tulijua wamemkataa tena, na jioni ni sombe, majani ya muhogo, bila wali. Nilikuwa mdogo, lakini nilijifunza kuogopa mlio wa kandambili zake.

Usiku mmoja nilimsikia akimnong'oneza Mama: "Wanataka kila muntu akuje na mwiko yake. Bila kazi sipati mwiko. Bila mwiko sipati kazi."

Mwiko tu! Asubuhi nikauchukua ule wa Mama wa kusongea ugali, nikakimbia nao hadi kwenye ujenzi. Baba alikuwa amesimama mbele ya msimamizi. Nikampa.

Waashi waliangua kicheko. "Papa, bado sahani!" mmoja akapaza sauti. "Na ule wa saruji uliuzisha, ukakunywa lutuku!"

Baba aliushika mwiko wa ugali kwa mikono miwili, akitazama chini. Mimi ndiye niliyesema, huku nalia: "Hapana! Waliubeba wakati wa vita."

Msimamizi akamgeukia. "Njo vile kweli, Papa? Mbona haukusema?"

"Hamukuniuliza."

Msimamizi akauchomoa mwiko wake mwenyewe kwenye ndoo. "Anza na ule ukuta. Jioni utanirudishia."

Siku hiyo Baba alirudi jua limezama, nywele zimejaa saruji. Mama alikaa chini pale pale mlangoni, kama mtu aliyetua mzigo.

Leo mwanangu mwenyewe ni mshonaji asiye na cherehani, na bado hatujapata mtu wa kumwazimisha. Majirani wanamwita mvivu. Akitoka asubuhi, nami nachungulia njia kama Mama.

Kwa hiyo ukikutana na mtu aliyekosa kazi, muulize hivi: "Ukipewa kazi kesho asubuhi, utakosa nini cha kuanzia?" Kisha nyamaza mpaka amalize kujibu.