Mtoto Amekwisha Kwenye Kadi

Nilizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu ambao hapa Lubumbashi tunauita SS. Tangu nikiwa mchanga nilitibiwa katika wodi ya watoto ya hospitali ya kampuni ambako baba alikuwa fundi wa umeme, na bima ya kampuni ilinihudumia kama mtoto wake. Nilipokaribia kumaliza sekondari miguu yangu ilikuwa inatokeza nje ya kitanda, lakini muuguzi mkuu, mama mmoja wa Mitwaba aliyenijua kabla sijaota meno, hakuona ajabu yoyote.

Wiki niliyotimiza miaka kumi na minane, mimi na mama tulikwenda kuchukua dawa. Karani wa bima alitazama kadi, akanitazama mimi.

"Mutoto amekwisha," akasema.

"Amekufa?" mama akashtuka.

"Apana, mama. Kwenye kadi."

Akatueleza: nilete karatasi ya chuo kikuu nilichokuwa nimekianza, kuonyesha bado ninasoma, na nyingine ya daktari wa wakubwa kuthibitisha kwamba ugonjwa bado upo.

"Hii ni bugonjwa ya kuzaliwa nayo," mama akamwambia. "Itaenda wapi?"

"Mama, kwetu hapa bameiandika kwa batoto."

Tukavuka ua hadi jengo la wakubwa. Daktari, kijana mwenye miwani, alimtoa mama nje kwa heshima zote: mtu mzima hujisemea mwenyewe. Akaniuliza kama nina bwana, watoto wangapi, na pombe ninakunywa kiasi gani. Kisha akauliza niliongezwa damu mara ya kwanza mwaka gani. Nikasema aulizwe mama. Akafungua mlango akamwita mama.

Mama naye hakukumbuka. Daktari akataka dosye yangu, faili la matibabu yangu yote. Ilikuwa wodi ya watoto, na nilipoifuata, mtunza dosye huko alisema anatoa dosye za wagonjwa wa wodi ile tu, na mimi si mgonjwa wao tena.

Nilipokuwa narudi kwa daktari kumpa jibu hilo, maumivu yakanishika mgongo na mapaja, katikati ya ua. Nikakaa kwenye saruji. Mama akapiga kelele. Watu wa jengo hili wakasema niende lile, wa lile wakasema hili. Yule muuguzi mkuu wa watoto akatoka mbio, dosye yangu kwapani, na yeye na mama wakanibeba hadi kwa wakubwa.

"Andika unachotaka," akamwambia daktari, "lakini kwanza umuwekee serumu mshipani."

Nililia siku mbili. Siku ya tano baba akaleta karatasi ya chuo, daktari akathibitisha kwamba ninaumwa, na karani wa bima akanigongea muhuri kwenye kadi: "mtoto mkubwa".

Mwezi uliofuata nilikwenda peke yangu. Daktari akaniuliza ninaendeleaje, nami nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kulisema mbele ya mama: kwamba kila maumivu yakianza, ninafikiri ndiyo yatakayoniua. Akaweka kalamu chini, akasogeza kiti.

"Endelea," akasema.