Kicheko cha Bibi Dirishani

Dada yangu ni fundi wa mapazia. Kutwa yuko kwenye cherehani, pini kazibana midomoni, na akitaka kupumzisha macho huchukua kamera yake ya filamu, kuukuu, mfuniko wa nyuma umeshikwa na utepe mweusi. Haijawahi kumgomea. Hata hivyo, duka analopeleka filamu kusafishwa lilipoleta kamera mpya za filamu, ndogo na za kung'aa, dada akakosa raha. Akienda kununua uzi, anapitia dukani. Akipeleka mapazia kwa mteja, anapitia dukani. Anaishika, anaichungulia, anairudisha. Nikamtania kwamba anachumbia na mahari hana. Akanijibu kwamba kamera anayo. Anachohitaji ni kujizuia.

Alijizuia miezi, mwishowe akashindwa. Asubuhi moja akavaa nguo ya kutokea, akaenda kuinunua.

Hakufika hata mlangoni. Kwenye dirisha la duka palikuwa na picha kubwa ya bibi yetu akicheka, kinywa wazi, ufizi mtupu. Chini yake wameandika: "Ona kazi ya kamera mpya."

Picha ile dada aliipiga mwenyewe, chumbani kwa bibi, kwa kamera ileile ya utepe. Na bibi, ambaye tangu meno yamtoke hucheka huku kaziba mdomo kwa kiganja, alikubali kwa sharti moja, isitoke nje ya nyumba. Filamu ilipokwenda kusafishwa, wenye duka wakajichukulia nakala.

Dada aliingia. Mwenye duka akamwambia kwa tabasamu kwamba hiyo ni heshima, picha imewavutia wengi. Dada akamuuliza kama angemtundika mama yake mzazi pale bila kumwambia. Wateja wakaanza kugeuka. Mwenye duka akaona mambo yanaharibika, akaitoa kamera mpya kabatini na kuisukuma juu ya meza.

"Chukua, dada. Bure. Yaishe."

Anasema hapo ndipo alipochomwa kweli. Mkono ulimwasha. Kitu alichokiota muda wote kiko mbele yake, na anayempa anadhani bibi ana bei.

"Bibi yangu si chenji," akasema. "Teremsha picha."

Hakuondoka mpaka ikateremshwa, akaikunja mwenyewe, akadai filamu na nakala zake zote. Nyumbani, shemeji akamwambia amefanya ujinga, angechukua kamera na bado agombe. Dada hakumsemesha mpaka siku ya pili.

Bibi alipoelezwa, kwanza aliuliza ni watu wangapi wameuona ufizi wake. Halafu uso ukamkunjamana.

"Wameandika ni kazi ya kamera?"

"Ndiyo, bibi."

"Kumbe mimi pale nilikuwa nafanya nini?"

Alinuna jioni nzima, na alikuwa na haki.

Siku hizi dada anapeleka filamu kwa fundi mwingine, upande wa pili wa mji, na lile duka akilisikia likitajwa anaondoka. Juzi nikamuuliza kama kamera ile bado anaitaka. Akasema anaitaka, tena sana, na hilo ndilo linalomkera kuliko yote.